Setla kijana wa Virginia: mlowezi, manamba au mali ya mtu?

Mkenya ukimtajia setla, kichwani anamwona Lord Delamere na maelfu yake ya ekari kule Rift Valley, farasi, bunduki, na watu wengine ndo wanalima. Sasa picha hiyo ukiibeba ukaenda nayo Virginia, koloni ya Waingereza kule Marekani, miaka ya 1600 utapotea njia mapema sana, maana setla wa kawaida kule alikuwa kijana wa miaka 15 mpaka 24 hivi, hana ekari hata moja, hana hela, na kwa miaka kadhaa hata jasho lake lina mwenyewe ambaye sio yeye.

Mitandaoni huwa nakutana na kambi mbili kwenye hii mada. Kuna wanaosema hao watu walienda Marekani kutafuta uhuru, na kuna wanaosema eti wazungu nao walikuwa watumwa kwahiyo tuache kulalamika. Zote mbili ni njia ya mkato. Mimi naona ukitaka kuielewa Virginia ya mwanzo acha kwanza habari za uhuru, fuata ardhi na karatasi: nani anapata ardhi, kwa sababu gani, na karatasi ya mkataba anaishika nani. Ukishalishika hilo mengine yanajipanga yenyewe.

Tuanze na kampuni, kwa sababu hii haikuwa safari ya serikali. April 1606 mfalme James wa Kwanza aliipa hati Kampuni ya Virginia, kampuni ya wanahisa wa London waliotaka faida kama mwanahisa yeyote yule. Desemba mwaka huohuo meli tatu zikang'oa nanga, Susan Constant, Godspeed na Discovery, zikiwa na wanaume na wavulana 104 wa kwenda kukaa, mwanamke hamna hata mmoja. Mei 1607 wakachagua sehemu kwenye mto walioupa jina la mfalme wao, wakajenga boma, wakaliita Jamestown. Kwenye orodha ya watu wa kwanza kuna kundi limeandikwa wavulana, wako wanne: Samuel Collier, Nathaniel Peacock, James Brumfield na Richard Mutton. Hazikupita wiki mbili boma likavamiwa na mvulana mmoja akauawa. Meli ya kuwaongezea chakula na watu ilipofika Januari 1608 ikakuta wamebaki hai 38 tu.

Walikufa na nini? Vita ilichangia lakini sio sana kama watu wanavyodhani. Maji. Pale walipojenga bahari inapanda mtoni, kiangazi mto ukipungua nguvu maji yanakuwa na chumvi, na uchafu wao wenyewe hauondoki, unazunguka hapohapo wanapochota ya kunywa, kwahiyo kuhara damu, homa, watu wanavimba wanakufa. Juu ya hapo kukawa na ukame. Wanasayansi waliopima pete za miti ya zamani ya eneo lile walikuta miaka ya 1606 mpaka 1612 ndo miaka saba mikavu kuliko yote kwa karibu miaka 800. Yaani jamaa walichagua kufika katika kipindi kibaya kupita vyote.

Na ukame haukuwa wa Waingereza peke yao. Ile ardhi ilikuwa na wenyewe, waliiita Tsenacommacah, makabila kama 30 chini ya mkuu mmoja ambaye Waingereza walimwita Powhatan, watu karibu 15,000. Nao mahindi yao yalikuwa haba. Sasa wanakuja wageni hawajui kulima nchi ile, wanataka kununua mahindi kwa shanga na shaba, wakinyimwa wanachukua kwa bunduki. Hapo vita itakosekanaje?

Katikati ya hiyo patashika wakaingizwa watoto, na hii sehemu naona inarukwarukwa sana kwenye simulizi za Jamestown. Thomas Savage alikuwa na miaka 13 hivi mwaka 1608 pale nahodha Newport alipomkabidhi kwa Powhatan, na Powhatan naye akatoa kijana wake aitwaye Namontack. Tuseme waliwekwa rehani, huyu huku na yule kule, ili pande mbili ziaminiane na kila upande upate mtu anayejua lugha ya mwenzake. Mwaka uliofuata akaja Henry Spelman, miaka 14, familia yake kabisa ni ya watu wenye majina Uingereza, hajakaa hata mwezi naye akapelekwa kuishi kwa watu wa Powhatan. Spelman aliandika baadaye kwamba kapteni John Smith, kiongozi wa koloni wakati huo, alimuuza kwa kubadilishana na mji bila hata yeye kujua.

Lakini ona mambo yalivyogeuka. Ile baridi ya 1609 kuingia 1610 ndo wanayoiita wakati wa njaa. Bomani waliingia watu kama 300, masika ilipofika wamebaki kama 60. Walikula farasi, wakala mbwa, paka, panya, wakala ngozi za viatu, na mwisho wakala maiti. Hilo la mwisho watu walibishana nalo miaka na miaka mpaka 2012 wachimbaji wa mambo ya kale walipopata shimoni kwenye boma lilelile fuvu la binti wa Kiingereza wa miaka 14 hivi, lina alama za visu na shoka kwenye paji la uso, kisogoni na tayani. Jina lake halisi halijulikani, watafiti wakamwita Jane. Sasa wakati Jane anafia bomani, Spelman, wa umri uleule, anaishi kwa wale walioitwa washenzi na anakula mahindi. Alikuja kukombolewa mwishoni mwa 1610 na kapteni Argall kwa vipande vya shaba.

Hawa wavulana wakawa wakalimani wakubwa wa koloni, hakuna biashara wala mazungumzo bila wao, lakini hakuna aliyewaamini moja kwa moja. Mwaka 1619 Spelman akashtakiwa mbele ya baraza la koloni kwamba alimsema vibaya gavana mbele ya Opechancanough, ndugu yake Powhatan, akahukumiwa kuitumikia koloni miaka 7 kama mkalimani. Umekaa kwa watu ukajua lugha yao, basi hilohilo ndo kosa lako. Aliuawa 1623 kwenye mto Potomac alipoenda kutafuta mahindi.

Haya, tuje kwenye tumbaku, maana bila tumbaku koloni ingekufa na ingesahaulika. Kampuni ilitafuta dhahabu haikupata, ikajaribu vioo, hariri, mvinyo, vyote vikagoma. Mwaka 1612 hivi John Rolfe, yule aliyekuja kumuoa Pocahontas binti yake Powhatan, akapanda mbegu za tumbaku tamu kutoka upande wa Karibi na London wakaipenda. Mwaka 1617 zikasafirishwa ratili 20,000 (ratili moja ni karibu nusu kilo), mwaka 1629 ratili milioni moja na nusu. Watu walipanda mpaka mitaani, serikali ikabidi iwalazimishe walime na mahindi, kwa sababu tumbaku hailiwi.

Tumbaku inataka mikono. Wakulima wa tumbaku wa Urambo kule Tabora hawahitaji kuelezwa hili: kitalu, kuhamisha miche mmojammoja, palizi, kukata kilele, kuondoa machipukizi, kutoa viwavi kwa mkono jani kwa jani, kuvuna, kutundika kwenye mabani ya kukaushia, kufungasha kwenye mapipa, na msimu ukiisha wa pili umeshaanza. Ardhi ipo, imenyang'anywa, bei ni nzuri, kinachokosekana ni watu. Ndo kampuni mwaka 1618 ikaja na mpango ambao kwangu mimi unaeleza karibu kila kitu kilichofuata: ukimlipia mtu nauli kuja Virginia unapewa ekari 50. Unapewa wewe uliyelipa nauli, sio yule aliyesafiri. Na masharti yalisema wazi, akikaa miaka mitatu, au akifa ndani ya muda huo baada ya kupanda meli, ekari zako ziko palepale.

Soma tena hapo. Kijana akifa wiki ya pili, aliyemleta hajapoteza ardhi. Alichopoteza ni nauli ya kama pauni 6 na nguvukazi, basi anaagiza mwingine, anapata ekari zingine 50. Hakuna aliyekaa kikao akasema tuue vijana, ila hesabu yenyewe ilikuwa haimuumizi sana mwenye hela kijana akifa, na hesabu ya namna hiyo huwa inafanya kazi yake kimyakimya.

Vijana walipatikanaje? Uingereza wakati ule ilikuwa na watu wengi kuliko kazi, mashamba yanageuzwa malisho ya kondoo, vijana wanamiminika London kubangaiza. Wakala anakuja na karatasi: nauli bure, chakula na nguo juu ya bosi, wewe unafanya kazi miaka 4 mpaka 7 bila mshahara, ukimaliza unapewa mahindi na nguo za kuanzia maisha. Ni manamba kabisa, wale wa mkonge wa Tanga wangeitambua ile karatasi, tofauti ni kwamba namba wa Tanga akichoka anaweza kuota kurudi kwao kwa miguu, huyu wa Virginia nyuma yake kuna Atlantiki. Na si wote waliulizwa. Mwaka 1619 jiji la London lilikusanya watoto 100 maskini wa mitaani likawapeleka Virginia, waliofuata baadhi wakagoma kwenda, Januari 1620 baraza la mfalme likatoa ruhusa wapelekwe kwa nguvu. Wa umri wa miaka nane, kumi, kumi na mbili. Kwenye sensa ya koloni ya 1625 walioonekana ni wachache mno.

Wasichana nao walipelekwa, kwa mpango wao. Mwaka 1620 walifika 90 na mwaka 1621 wengine 57, kuja kuolewa, na mwanaume anayeoa anairudishia kampuni gharama kwa tumbaku, ratili 120 mpaka 150. Sio mahari hiyo, wazazi wa binti hawaambulii hata jani.

Sasa mwenzetu mmoja tunaweza kumsikia mwenyewe akiongea, maana barua zake zilibaki. Anaitwa Richard Frethorne, alifika karibu na Krismasi ya 1622, akapangiwa Martin's Hundred, makazi ya walowezi maili kama 10 kutoka Jamestown. Kufika kwake ni baada ya tarehe 22 Machi 1622 pale Opechancanough alipowavamia walowezi asubuhi moja na kuua watu 347, na Martin's Hundred ndo ilipigwa kuliko sehemu zote. Kwahiyo Richard kafika kwenye kijiji cha majivu. Machi na April 1623 akawaandikia wazazi wake.

Anasema tangu ashuke melini hajala kitu zaidi ya njegere na uji wa maji. Nyama ya paa hajawahi kuiona. Ndege wapo ila hawaruhusiwi kwenda kuwinda. Kazi alfajiri mpaka usiku, malipo ni bakuli la uji na kitonge cha mkate na nyama, na mkate wa peni moja unagawanywa watu wanne. Kiseyeye na kuhara damu vimejaa. Wamebaki watu 32 wa kupigana na adui anaowahesabu 3,000. Nguo anazitaja mojamoja kama mtu anayetoa maelezo polisi: shati hana ila matambara mawili, suti moja mbovu, viatu pea moja, soksi pea moja, kofia moja. Koti alikuwa nalo, mwenzake mmoja kaliiba, wengine wakamwona huyo mwenzake ana siagi na nyama kutoka melini, na Richard hana shaka koti lake ndo lililolipia.

Wakitumwa Jamestown kupakua mizigo walilala kwenye boti ya wazi, mvua yao, theluji yao, mpaka jamaa mmoja wa pale anaitwa Jackson akamwonea huruma akamjengea kibanda, akawa akifika anampa na samaki. Huyo Jackson alishangaa wazazi gani wanaleta mtoto wao kuwa mtumishi wa kampuni, akasema bora wangempiga rungu la kichwa.

Mimi kinachonishika zaidi ni mpango wake wa biashara. Anawaambia wazazi kama wanampenda wamkomboe haraka, afu anajua hawana hela, kwahiyo anapendekeza watume jibini, siagi na nyama, yeye ataviuza, faida yote atairudisha Uingereza, wao waitumie kumnunua atoke. Mtoto yuko na njaa hiyo halafu anaahidi hatakula mtaji! Kama hawawezi, basi wawaombe majirani wachange. Kwenye orodha ya koloni ya Februari 1624 jina lake liko upande wa marehemu.

Hapohapo Martin's Hundred alikuwepo Jane Dickenson. Siku ya uvamizi mumewe aliuawa, yeye akatekwa akakaa utumwani miezi 10 kwa Wahindi Wekundu, yaani wale wenyeji wa Tsenacommacah, daktari mmoja wa Jamestown, John Pott, akamkomboa kwa ratili mbili za shanga. Ungesema afadhali. Kumbe marehemu mume alikuwa hajamaliza mkataba wake, daktari akamwambia mjane: miaka iliyobaki utaitumikia wewe, na zile shanga pia utazifanyia kazi. Mwaka 1624 akapeleka malalamiko kwa gavana akisema utumwa wake kwa daktari hautofautiani na ule wa kwa Wahindi Wekundu. Kijana mwingine, Thomas Best, mwaka 1623 aliandika nyumbani kwamba bosi wake kamuuza pauni 150 kama mtumwa.

Basi hapa ndo wale wa kambi ya pili wanaruka juu, mnaona, walikuwa watumwa! Taratibu. Kilichouzwa pale ni mkataba, miaka iliyobaki ya mtu, na ni kweli aliyekuwa ndani ya hiyo miaka hakusikia tofauti kubwa, fimbo ni fimbo. Lakini karatasi ilikuwa na tarehe ya mwisho. Angeweza kwenda mahakamani, angeshindwa mara nyingi ila jina lake lingeandikwa kama mlalamikaji. Na watoto wake hawakurithi mkataba. Waliopona wakamaliza, wengine walipata ardhi, kuna waliofika mpaka kukaa kwenye baraza la koloni lilelile. Tatizo lao kubwa lilikuwa kuwa hai mpaka siku hiyo: kati ya maelfu waliovuka kuanzia 1607, mwaka 1625 waliohesabiwa walikuwa kama 1,200 tu. Ndani ya mwaka 1624 mfalme akaivunja kampuni yenyewe, koloni ikawa yake.

Sasa linganisha na waliofika mwishoni mwa Agosti 1619, watu ishirini na kidogo walioshushwa Point Comfort, pwani ya Virginia, kutoka meli ya White Lion. Hao walitoka Angola, nchi ya Ndongo, watu wa lugha za Kibantu, mtu wa kwetu angeokota neno mojamoja kwenye mazungumzo yao. Waliporwa kutoka meli ya watumwa ya Wareno, wakabadilishwa na chakula. Karatasi hawakuwa nayo, tarehe ya mwisho hawakuwa nayo. Miaka ya mwanzo mambo yalikuwa hayajakaza, akatokea mtu kama Anthony Johnson, aliyefika 1621 akiandikwa Antonio Mweusi, akatoka utumwani, na kufikia 1651 akawa na ekari 250, nazo kwa kuleta watumishi, ile hesabu ileile ya 50 kwa kichwa. Ila njia hiyo ilikuwa inazibwa.

Mwaka 1640 watumishi watatu wa bwana mmoja aitwaye Hugh Gwyn walitoroka pamoja kwenda Maryland: Victor Mholanzi, James Gregory Mskoti, na John Punch, mweusi. Wakakamatwa pamoja. Kosa moja, siku moja, mahakama moja, viboko 30 kila mmoja. Halafu hukumu ikagawanyika: wale wawili wakaongezewa miaka, mmoja kwa bosi na mitatu kwa koloni. John Punch akaambiwa atatumika maisha yake yote. Mwaka 1662 sheria ikasema mtoto anafuata hali ya mama yake, mama mtumwa basi na mtoto mtumwa.

Na vijana wa Uingereza nao wakaanza kupungua. Kuelekea miaka ya 1680 mishahara kwao ilikuwa imepanda kidogo, na mwenye kutaka kuhama alikuwa na sehemu nyingine za kwenda kama Pennsylvania, kwahiyo karatasi ya Virginia haikumvutia tena. Wenye mashamba wakageukia meli za watumwa kutoka Afrika. Walishaonja pia mwaka 1676 maasi ya mlowezi Nathaniel Bacon, ambapo watumishi weupe na watumwa weusi walishika silaha pamoja na Jamestown ikachomwa moto, na hawakutaka kuyaona tena. Mwaka 1705 wakaandika sheria ndefu moja ya watumishi na watumwa. Mtumishi mweupe Mkristo asichapwe akiwa uchi bila amri ya hakimu, na akimaliza muda wake apewe mahindi vipimo kumi, shilingi 30 na bunduki. Ndani ya sheria hiyohiyo, mtumwa akifa wakati bwana wake anamuadhibu, bwana hana kesi, ihesabiwe kama ajali hiyo haijatokea.